Mguu Uliozikwa Bado Unauma

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Maandiko ya kusoma: 1 Wakorintho 12:12–26 na Yohana 9:1–7

Somo hili mimi mwenyewe nilipaswa kulisoma miaka mitatu iliyopita, kabla sijasimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kusema mambo nisiyoyajua. Ndugu ninayemsimulia hapa amesoma ukurasa huu kabla haujachapishwa. Ameniruhusu, mradi nisiandike jina lake.

Alikuwa mwendesha bodaboda. Jioni moja ya mvua aligongwa na lori, na baada ya siku nne hospitalini madaktari wakalazimika kuukata mguu wake wa kulia, chini ya goti. Familia ikapewa ule mguu, ikaenda kuuzika nyumbani kijijini. Tulimshukuru Mungu kwa uhai. Kanisa likachanga, bili ikalipwa, mikongojo ikanunuliwa. Mimi, kwa vile nilisomea biashara, nikafunga faili kichwani mwangu. Kazi imekwisha.

Wiki ya tatu akanipigia simu. Nilipofika akaniambia, "Pasta, vidole vya ule mguu vinaniuma. Vimekunjwa, kama kuna mtu amevikanyaga na hataki kutoka." Nikaangalia shuka. Pale aliponionyesha palikuwa tambarare.

Shangazi yake alikuwa na jibu. Ati mguu ulizikwa vibaya, vidole vikakunjika ndani ya sanduku, kwa hivyo ufukuliwe unyooshwe. Nikalikataa jibu hilo kwa sauti kubwa, halafu nikatoa langu. Nilisema ni roho ya mauti inayodai viungo vilivyobaki, na kwamba huenda kuna mtu hajamsamehe, pengine yule dereva wa lori. Nikamwekea mikono, nikakemea mpaka jasho likanitoka. Mwishowe nikamuuliza, "Unasikiaje sasa?" Akasema, "Nimepona, pasta." Baadaye sana alinieleza kwamba alisema hivyo ili niende nyumbani.

Kwa miezi miwili hakuutaja tena ule mguu, wala hakuonekana ibadani. Siku niliyokwenda bila kupiga simu nilimkuta ameketi gizani, mikono yake miwili ikikanda hewa mwisho wa godoro, pale ambapo unyayo ungekuwa. Mama yake alinisindikiza hadi langoni. "Pasta," akaniambia, "kijana hawaambii tena kwa sababu mnamwambia ana mapepo. Sasa analia usiku peke yake."

Maneno hayo yalinipeleka naye kliniki wiki iliyofuata. Huko mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole sana, alituketisha akatueleza kwamba maumivu yale yanajulikana vizuri na yana jina. Niliporudi nikaanza kusoma. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza, na nitaanza na jambo unaloweza kulijaribu hata sebuleni kwako.

Mkono wa glavu

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walichapisha ukurasa mmoja tu katika jarida la Nature. Walikuwa wamemketisha mtu mezani, wakauficha mkono wake wa kushoto nyuma ya kizuizi, kisha wakaweka mkono wa mpira mbele ya macho yake. Wakachukua brashi mbili ndogo za rangi. Moja ikaupapasa mkono wa mpira, nyingine ikaupapasa mkono halisi uliofichwa, zote zikienda kwa wakati mmoja.

Waliwajaribu watu 10, kwa dakika 10 kila mmoja. Walipoulizwa, watu hao walieleza kwamba mguso waliuhisi pale walipouona, yaani juu ya mpira. Baadhi walisema waliuona ule mkono wa mpira kama wao. Katika jaribio jingine waliambiwa wafumbe macho, waonyeshe kwa mkono wa kulia mahali mkono wa kushoto ulipo. Wakaonyesha upande wa mkono wa mpira. Lakini brashi zilipoacha kwenda pamoja, hii ikitangulia na ile ikichelewa, hisia hiyo ilipungua sana.

Vijana wetu tulijaribu jambo hili Ijumaa moja baada ya maombi. Tulichukua glavu ya kuoshea vyombo tukaijaza mchele, brashi tukaazima kwa walimu wa watoto, na kizuizi kikawa katoni. Ndugu mmoja mwenye mwili wake, anayejulikana kwa kutoogopa kitu, alikaa akicheka. Baada ya dakika chache akanyamaza, akaanza kuiangalia ile glavu kwa namna ya ajabu. Mwenzake akainua nyundo ghafla. Wacha! Aliuvuta mkono wake halisi na kupiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Wawili wengine hawakuhisi chochote, na hilo pia ni kawaida. Lakini huyu wa nyundo alijua kabisa kwamba ile ni glavu na mchele. Aliijaza yeye mwenyewe!

Hata watafiti walifanya kitu kama hicho. Mwaka 2003 Carrie Armel na V. S. Ramachandran walikipinda kidole cha mkono wa mpira kuelekea nyuma huku wakipima jasho la ngozi ya mtu. Ngozi ilishtuka kana kwamba kidole chake mwenyewe kinaumizwa.

Vitabu vya hesabu

Aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu anajua kazi ya mwisho wa mwezi. Unachukua daftari lako la pesa, unachukua taarifa ya benki, unavilinganisha mstari kwa mstari. Vikikubaliana, unatia sahihi. Visipokubaliana, hulali.

Ubongo wako unafanya kazi ya namna hiyo saa hii unaposoma. Unazo taarifa za macho, yaani mkono ulivyo na ulipo. Unazo taarifa za ngozi, kama mguso, joto na baridi. Na unazo taarifa ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia shuleni, zinazotoka ndani ya misuli na maungio, zikisema kiungo kimekunjwa au kimenyooka. Fumba macho uguse pua yako. Umeipata bila kuiona kwa sababu ya hizo taarifa za tatu. Vitabu hivi vitatu vikikubaliana, ubongo unatia sahihi: huu ni mwili wangu.

Katika jaribio la mpira, macho na ngozi vilikubaliana kwa dakika na sekunde. Misuli na maungio vilisema mkono uko kando kidogo, lakini ubongo ukafuata walio wengi. Hata hivyo hauandiki ovyo. Mkono wa mpira ukigeuzwa vidole vikuelekee wewe, au ukiwekwa kipande cha ubao badala yake, hisia ile hufifia. Mwaka 2004 Henrik Ehrsson na wenzake huko London walipiga picha za ubongo wa watu wakiwa katikati ya jaribio. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kupanga mwendo iliamka zaidi kadiri mtu alivyohisi kwamba ule mkono ni wake.

Je, kitabu kimoja kikipotea kabisa? Ian Waterman, kijana Mwingereza, aliugua homa mwaka 1971 akiwa na miaka 19. Kuanzia shingoni kwenda chini alipoteza hisia ya mguso na ile ya kujua viungo viko wapi. Joto na maumivu aliendelea kuvihisi, na misuli yake haikupooza. Lakini hakuweza kukaa wala kusimama. Ilimbidi ajifunze upya, kwa muda mrefu na kwa bidii kubwa, kuendesha kila kiungo kwa kukitazama. Taa zikizimika, anaanguka. Mimi na wewe tunaamka asubuhi tukiwa na mwili wetu bila hata kufikiri. Sikujua kwamba kuna kazi kubwa hivyo inafanyika.

Kwa nini kisichokuwepo kinauma

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Katika miaka ya 1930, huko Montreal nchini Kanada, daktari mpasuaji Wilder Penfield aliwafanyia upasuaji wa ubongo wagonjwa waliokuwa macho. Aligusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa umeme kidogo, na mgonjwa akasema amehisi wapi: mdomo, kidole gumba, mguu. Kwa kukusanya majibu hayo alichora ramani. Mwili wetu wote umechorwa juu ya ubongo, na sehemu zenye hisia nyingi kama midomo na vidole vya mikono zimepewa nafasi kubwa zaidi.

Msumeno wa daktari unapokata mguu, ramani ile haikatwi. Ni kama kampuni iliyofunga tawi lake mashambani huku leja ya makao makuu ikiwa bado wazi. Neva zilizokatwa kwenye kile kigutu zinaendelea kutuma ujumbe, na mwingine ni wa uongo. Ubongo nao unaweza kutuma amri, "Nyoosha vidole." Macho hayaoni kitu kikisogea, maungio hayajibu. Hesabu hazikubaliani, na mwenye mwili anaumia. Wataalamu wanaendelea kubishana ni sababu gani ina uzito zaidi, ile ya neva za kigutu, ile ya uti wa mgongo au ile ya ubongo wenyewe. Hawabishani kuhusu jambo moja: maumivu ni ya kweli.

Tena ni ya zamani. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa Ufaransa, aliyaandika katika karne ya 16. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, Silas Weir Mitchell aliwahudumia askari wengi waliokatwa mikono na miguu, naye ndiye aliyekipa kiungo hicho kisichoonekana jina la kiungo cha mzuka. Wengi wa waliokatwa kiungo huendelea kukihisi, na wengi huumwa nacho. Kwa hivyo alichoniambia ndugu yetu wiki ya tatu, madaktari walishaambiwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka 400. Mimi ndiye nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza, nikakiita pepo.

Kioo cha sokoni

Yule mtaalamu wa fiziotherapia alituagiza kioo kirefu cha kawaida. Tulikinunua sokoni, kile cha kuegemeza ukutani. Mbinu hii ilianzishwa na Ramachandran katika miaka ya 1990. Unakiweka kioo katikati ya miguu ili upande uliokatwa ufichike, na ule mzima ujionyeshe kwenye kioo. Ukitazama unaona miguu miwili. Kisha unausogeza mguu mzima polepole, huku ukijaribu kuusogeza na ule usiokuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, macho yanaupa ubongo jibu: amri imefika, vidole vimenyooka.

Mwaka 2007 madaktari waliowahudumia askari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuijaribu njia hiyo kwa wiki nne, dakika 15 kila siku. Kundi lililotumia kioo kilicho wazi lilikuwa la watu sita tu, na wote walisema maumivu yamepungua. Kwa wale ambao kioo chao kilifunikwa, ni mmoja tu aliyesema hivyo. Hilo ni kundi dogo, na tafiti nyingine hazikuwa na matokeo mazuri namna hiyo. Nasema haya ili mtu asinunue kioo akidhani amenunua muujiza.

Nilikuwepo siku ya kwanza. Alikaa sakafuni, kioo katikati, akaanza kunyoosha vidole vya mguu wa kushoto. Baada ya muda machozi yakamtoka. "Pasta," akasema, "vimefunguka." Kesho yake vilikuwa vimejikunja tena, naye akarudi kwenye kioo. Daktari alimwongezea dawa za maumivu ya neva. Baada ya wiki kadhaa alikuwa analala usiku. Leo anatembea na mguu wa bandia, anauza vipuri vya pikipiki. Ikifika baridi ya Julai, ule mguu uliozikwa bado unamsumbua.

Mkono wa marehemu

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao umeingia kanisani kwetu mwaka huu. Familia moja iliniita usiku. Shosho wao alikuwa ameamka akisema mkono wake wa kushoto si wake, ni wa marehemu mumewe, autoe mtu kitandani. Watu wazima walikuwa wamesimama nje wakiogopa kuingia. Walitaka nije kutakasa nyumba.

Zamani ningekuja na mafuta. Safari hii niliuliza kwanza kwenye simu: Anaweza kuinua huo mkono? Mdomo umepinda? Anaongea vizuri? Walipojibu nikawaambia watafute gari mara moja, tukutane hospitalini. Ilikuwa kiharusi, ile tunayoiita stroki.

Joseph Babinski, daktari wa Paris, alieleza mwaka 1914 kuhusu wagonjwa waliopooza upande mmoja na hawajui kwamba wamepooza. Wengine huenda mbali zaidi wakasema mkono ni wa mtu mwingine, wa muuguzi au wa ndugu. Mara nyingi ubongo umeumia upande wa kulia, na kiungo kinachokataliwa ni cha kushoto. Kumbe mwenye bodaboda na shosho wana shida zinazokaribiana. Mmoja ubongo wake unashikilia kiungo kilichokwenda. Mwingine ubongo wake umekiacha kiungo kilichopo. Hakuna kati yao aliyekuwa anadanganya.

Fikiria kama tungekesha tukiomba mpaka asubuhi kabla ya kwenda hospitali. Kwa kiharusi, kila saa inayopita ubongo zaidi unaharibika.

Kanisa lifanye nini

Simwambii mtu aache kuomba. Mimi naomba, na kwa yule shosho tuliomba ndani ya gari njia nzima. Ninachokiri ni kwamba kwa ndugu yetu nilitoa hukumu kabla ya kuuliza swali. Ukisoma Yohana 9 utaona wanafunzi walimkuta mtu kipofu na wazo lao la kwanza likawa kutafuta mwenye dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili, akamhudumia yule mtu. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi. Nilipokuwa kando ya kitanda, nilisimama upande wa wanafunzi.

Halafu kuna zile brashi mbili, ambazo hazijaniacha. Kilichoufanya mkono wa mpira uwe wa mtu ni kuguswa pamoja, kwa wakati mmoja. Zikipishana, unabaki kuwa mpira. Paulo anapotufananisha na mwili mmoja katika 1 Wakorintho 12, anasema maumivu ya kiungo kimoja yanafika kwa vyote. Ndugu yetu aliumia usiku, sisi tukaguswa miezi miwili baadaye. Tulimwita kiungo chetu, hata jina lake liko kwenye rejista, lakini hesabu hazikukubaliana.

Kwa hivyo wiki hii tushike haya:

1. Mtu akikwambia kinachomuuma, amini kwanza kwamba kinamuuma, hata kama hukioni.
2. Uliza kabla ya kutangaza. Kimeanza lini? Kikoje? Daktari amesema nini?
3. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kukoroga, au mtu kukikana kiungo chake: hospitali mara moja. Maombi yaende naye njiani.
4. Usimwambie mtu yeyote aache dawa kwa sababu umemwombea.
5. Usimlazimishe mgonjwa ashuhudie uponyaji ili wewe ujisikie vizuri.

Nilipompelekea ndugu yetu ukurasa huu, aliusoma mara mbili, akaomba niongeze jambo moja. "Waambie watu wa kanisa wasinisimamishe langoni wakiniambia nimepona. Waniulize tu, leo uko vipi? Halafu wasubiri nijibu."

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, umewahi kusema "nimepona" ili watu waache kukuombea? Nini kilikufanya useme hivyo?
2. Katika kikundi chenu, ni nani ameumia na mmechelewa kuguswa pamoja naye? Nani atamtembelea kabla ya Jumapili?
3. Kati ya hatua tano za juu, ni ipi ngumu zaidi kwako, na kwa nini?